Hatua ya Tatu

Saa nne asubuhi, askari wa kike wa barabarani alisimamisha lori lililokuwa likiyumba. Aliyeshuka alikuwa baba yake mzazi, mtu asiyewahi kuonja pombe. Kazi ni kazi, na wenzake walikuwa wakitazama. Akamwomba atembee juu ya mstari mweupe. Hatua ya tatu mzee akapepesuka, nusura aanguke. Akapuliza kipimo, kikasoma sifuri.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mwaka jana, mwanangu. Miguu hainitii tena. Niliogopa wataninyang'anya usukani."

Binti akatamani kipimo kingeonyesha pombe, maana mlevi akilala huamka mzima. Akanyoosha mkono. Baba yake akampa funguo bila ubishi, akageukia lori asionekane analia.