Mabli Aliposimamisha Treni

Kituo chetu ni jukwaa, benchi moja na ua wa miiba, na treni haina adabu ya kusimama pale bila kuombwa. Ukiitaka, unainua mkono dereva akuone. Usipoinua, inakupita kama jirani mliyegombana.

Mimi nimeiinulia mkono tangu usichana wangu. Ila baridi ya mwaka huu bega la kulia liligoma, na la kushoto nalo likagoma kwa kumhurumia mwenzake. Mikono yangu ikifika kifuani, basi, hapo ndipo mwisho wa safari. Hata chai nainywa kwa kuifuata kikombeni kama ng'ombe kwenye hori. Jambo hilo sikumwambia mwanangu Gethin. Mtoto haambiwi kila kitu.

Gethin mwenyewe alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la fundi wa majeneza. Nilipomwambia kwamba nampeleka binti yake Mabli, wa miaka minne, akapande treni kwa mara ya kwanza hadi mji wa pwani wa Llandudno tukale aiskrimu, alikuna kidevu.

"Mama, nitawapeleka kwa gari."

"Gari amelipanda tangu alipotoka hospitali akiwa amefungwa blanketi. Nimesema treni."

"Lakini anaogopa kelele. Mashine ya kufulia ikianza kuzunguka tu, anaziba masikio. Na wewe, Mama, na wewe..."

"Na mimi nini? Malizia."

Hakumalizia. Nilimlea vizuri.

"Haya," akasema. "Lakini treni ikiwapita, unanipigia simu nije niwachukue, na iwe mara ya mwisho wewe kutoka na mtoto peke yako."

"Na isipotupita?"

"Isipowapita, mpeleke unakotaka. Hata mwezini."

"Mabli, umesikia baba yako? Wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia," akasema Mabli, mdomo umejaa mkate wa zabibu.

Akatushusha kituoni, akaaga kwa sauti kubwa mno, kisha akaenda kuliegesha gari lake la buluu nyuma ya kanisa, asubiri simu yangu. Alidhani simwoni. Gethin hajui kujificha tangu utotoni. Siku zote kuna kipande kinachobaki nje.

Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Nikamkalisha Mabli kwenye benchi.

"Leo wewe ndiye utakayesimamisha treni."

"Mimi? Ni kubwa?"

"Kubwa kuliko nyumba yetu."

"Itanitii?"

"Ikikuona itatii. Baba yako ndiye hasikii la mtu, lakini treni ina malezi."

Akaona afanye mazoezi kwanza. Ng'ambo ya reli, malishoni, alikuwepo kondoo mmoja. Mabli akashuka kwenye benchi, akamwinulia mkono, juu kabisa, na koti lake la njano likapanda hadi kitovuni. Kondoo akasimama. Kusema kweli alikuwa amesimama tangu asubuhi, lakini hilo nililiweka moyoni.

Ndipo honi ikalia kule kwenye kona.

Mabli akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akafumba na macho, viwiko vimetoka pembeni kama masikio ya chungu. Nikajaribu kuinua mkono wangu. Ukafika kifuani, ukakwama. Nikausukuma kwa mkono mwingine, nikaona nyota mchana. Treni ikatokeza, taa zinawaka, wala haina dalili ya kupunguza mwendo. Nikamfikiria Gethin kule nyuma ya kanisa, simu mkononi, anajiandaa kunionea huruma. Huruma ya mwanangu inauma kuliko bega.

"Mabli! Mkono, mwanangu!"

"Siwezi, Bibi! Masikio yangu!"

Nikamtazama. Kichwa chake kinanifika chini kidogo ya kifua. Na mikono yangu je, inafika wapi? Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, ila sikujua kama walikuwa wanatuzungumzia sisi.

"Nipe hayo masikio nikushikie!"

Nikasimama nyuma yake, nikamfunika masikio kwa viganja vyangu vilivyovaa glavu za sufi. Akafumbua jicho moja.

"Uyashike sana!"

"Nayashika kama mayai."

Hakunisikia, bila shaka. Lakini mikono yake ilikuwa huru sasa. Akauinua mmoja, akasimama kwa ncha za vidole, koti la njano likapanda tena, na tumbo lake likawa nje kwenye manyunyu mbele ya treni nzima. Hakuyumba. Kelele ikatujia ikikua na kukua, kisha ikabadilika. Breki zikalia, mabehewa yakapita mbele yetu pole, pole zaidi, mpaka mlango ukasimama mbele ya pua yake.

Dereva, mwanamke mwenye nywele fupi, akachungulia dirishani.

"Nani kanisimamisha?"

"Mimi," akasema Mabli, mkono bado uko juu.

"Basi ushushe, bosi, niruhusu niondoke."

Tulipanda kama maharusi. Mjukuu wangu akapiga magoti kwenye kiti cha dirishani, treni ikavuma na kutikisika, na hapo ndipo nilipogundua kwamba masikioni kwake hakuna mikono, si yangu wala yake.

Simu ikalia, nikaiweka spika mapajani.

"Mama, imewapita, sivyo? Nimeisikia ikipita. Nakuja, niko njiani, ila kuna..."

"Tazama kulia kwako, Gethin."

Barabara pale inakwenda sambamba na reli. Gari la buluu lilikuwa limezama katikati ya kundi la kondoo waliokuwa wakihamishwa malisho, mmoja ameweka miguu ya mbele juu ya boneti. Mwanangu alikuwa amesimama nje, simu sikioni, mdomo wazi.

"Jumamosi ijayo tunakwenda mwezini," nikamwambia. "Tutengenezee chai ya chupa."

Nilipokata simu, Mabli alikuwa ameuinua mkono tena, kiganja kimebanwa kwenye kioo, uso umejaa madaraka.

"Bibi! Nimemsimamisha na baba!"

"Nimeona."

"Nimwachie aende?"

Nikafikiri kidogo.

"Tukimaliza aiskrimu."