Mkoromo Uliokanwa Miaka Arobaini

Kwa miaka arobaini babu alikana katakata kwamba anakoroma. Mkewe alimletea mashahidi, wageni waliwahi kuhama chumba na magodoro yao, jirani aligonga ukuta hadi akachoka. "Mnanisingizia," babu alisema, akageukia upande wa pili na kuendelea.

Sasa alikaa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na mjukuu wake wa wiki sita mapajani. Mtoto alizaliwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi. Siku za mwanzo hakulia wala kusumbua, nyumba nzima ikamsifu kwa upole. Kumbe upole wenyewe ndio ugonjwa! Tone la damu ya kisigino, lilipopimwa, likawaumbua wote. Tangu aanze kidonge, kinachopondwa kila asubuhi na kuchanganywa na maziwa ya mama, kilio chake kilivuka barabara. Madaktari walitaka picha ya ubongo, wajue kama zile siku zilimwachia alama. Mama yake hakuwa amelala vizuri tangu aambiwe.

"Hatumpi dawa ya usingizi," alisema mpiga picha. "Anyonye, tumviringishe, alale. Akitikisika, picha imeharibika, na zamu nyingine ni baada ya miezi miwili."

Mtoto akanyonya, akazibwa masikio, akalala. Mashine ikagonga na kunguruma hadi kioo kikatetemeka; mtoto kimya. Ikatulia kidogo kabla ya picha ya pili. Mtoto akafumbua macho na kuangua kilio. Wakambembeleza, wakarudia. Mara tatu, yaleyale.

Mpiga picha akajikuna kichwa. "Huyu kelele zinamlaza, kimya kinamwamsha. Nyumbani analala wapi?"

Bibi, aliyekuja nao, alikuwa amelisubiri swali hilo miaka arobaini.

"Kifuani kwa huyu bwana," akasema taratibu. "Hebu mwulizeni, akilala huwa anafanya nini."

"Nalala tu," babu akajibu.

"Baba," akasema mkwewe, mama wa mtoto. Macho yalikuwa yamemvimba. "Nakuomba."

Babu akainuka. Akavua saa, akavua mkanda, akatoa funguo. Kisha, mbele ya mkwe, akatoa na meno ya bandia yenye waya. Akaingia ameshika suruali kwa mkono mmoja, akainamisha kichwa kwenye mdomo wa mashine.

Kila mashine iliponyamaza, yeye akapokea. Mkoromo wa kwanza ulikuwa wa aibu. Wa tatu ulimfanya mpiga picha, nyuma ya kioo, apunguze sauti ya spika. Mtoto hakutikisa hata kope.

"Picha safi," daktari akasema baadaye. "Hatuoni alama yoyote ya kutisha. Kidonge kisikosekane hata siku moja, nasi tutaendelea kumfuatilia."

Mkwewe akamkumbatia mtoto, akacheka huku machozi yakimtoka. Bibi akamnyooshea mumewe meno yake.

"Haya, baba watoto. Unakoroma, hukoromi?"

Babu akayapachika meno, akafunga mkanda bila haraka.

"Yale," akasema, "yalikuwa matibabu."