Kiti cha Upande wa Akina Mama

Bi harusi alipotokeza mlangoni, wanawake wa Mikindani walifanya kile wanachofanya siku zote: walipanda juu ya viti. Warda naye akapanda, simu mkononi, ili amnase vizuri binti wa shangazi yake ndani ya lile gauni la kukodi lenye mkia mrefu kama foleni ya benki. Akapiga kigelegele kimoja. Cha pili kiliishia kooni, kwa sababu mguu wa kiti ulikatika kwanza.

Aliangukia mkono wa kulia. Kwa mwingine mkono wa kulia ni mkono tu. Kwa Warda ndio duka, ndio shamba, ndio mume ambaye bado hajamwona. Alikuwa msusi katika saluni ya shangazi yake, Mastura, na asubuhi ya siku hiyohiyo vidole hivyo ndivyo vilivyomsuka bi harusi, mistari myembamba ambayo chawa angepita kwa ubavu.

Hospitali wakamfunga plasta ngumu, ile watu wanayoiita muhogo. Muhogo ulipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga, ila vidole vilikuwa vimekakamaa kama miguu ya kuku aliyetoka kwenye friji. Daktari hakuzungusha maneno.

"Uje mazoezi hapa kila wiki mpaka vilegee. Ukiacha, vitabaki hivihivi."

Hospitali iko Mtwara mjini, yeye yuko Mikindani. Mazoezi yanalipiwa, nauli inalipiwa, na msusi asiyesuka halipwi. Alikwenda mara chache, kisha akaanza kukosa. Akawa anakaa pembeni mwa saluni, anajaribu kubana uzi wa kusukia kati ya vidole viwili, na uzi unamponyoka kama samaki mkunga. Wateja walikuwa wanamwambia pole, kisha wanakaa kwenye kiti cha msusi mwingine.

Viti vya arusi, vya plastiki, vilikuwa vya Fikirini, mkodishaji wa maturubai na masufuria, mtu mzima mwenye kofia iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi zaidi. Kila Mastura alipompigia simu kumweleza habari za mkono, Fikirini alijibu, "Poleni sana, wanangu, tutazungumza," halafu simu yake inaishiwa chaji.

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa unakwisha, akaja mwenyewe, na pakiti ya tende.

"Hodi hapa! Ramadhani hiyo, nimekuja kutaka radhi. Tusameheane, Warda binti yangu, tuyajuayo na tusiyoyajua."

Warda akazitazama tende, akamtazama mtu mzima aliyevua kofia mbele yake. Wewe ungefanyaje?

"Nimekusamehe, baba. Nami unisamehe."

"Alhamdulillahi!" Kofia ikarudi kichwani. "Basi na lile la kiti limekwisha. Shangazi mtu shahidi."

Akatoka anapiga mluzi, Mastura hata hajatema kokwa ya tende ya kwanza.

"Umemwona?" Mastura alisema alipopata kinywa. "Huyo hakuja kuomba radhi. Kaja kununua mkono kwa tende. Na mimi nimezila!"

Warda aliifunga pakiti ya tende. Hakuwa mtu wa kurukia mambo. Jambo likimkera hulitazama kwanza pande zote, kama anavyotazama kichwa cha mteja kabla ya kuchana njia. Alilitazama hivyo kwa muda, kisha akaenda ofisi ya kata, kwenye kile chumba cha mwisho anachokaa Joyce.

Joyce alikuwa msaidizi wa kisheria. Baba yake alitoka Bara kuja kufanya kazi bandarini, na yeye akazaliwa hapahapa, ila Kiswahili chake bado kina vumbi la huko.

"Mimi si wakili, dada," alianza. "Nakuonyesha njia tu. Sheria haiulizi umeumia kiasi gani halafu ikakuonea huruma. Inauliza, huyu mtu alipaswa kuangalia usiumie? Akazembea? Uzembe wake ndio uliokuvunja, au kitu kingine? Na umepoteza nini? Ukikosa moja tu hapo, pole utapata, fidia hupati."

"Viti alikodi shangazi. Mimi nilikuwa mgeni tu."

"Mtu akikodisha viti vya arusi, anajua watakaovikalia ni nani?"

"Wageni."

"Basi ndio hao anaopaswa kuwaangalia. Huo wajibu haumfuati aliyelipa, unamfuata atakayekaa."

Warda akakohoa kidogo. "Mimi sikukaa. Nilisimama juu yake."

Joyce akaweka kalamu chini. "Hilo litapunguza. Halifuti, lakini litapunguza, maana na wewe umechangia. Na usilifiche, arusi nzima ilikuwa inakutazama."

"Arusi nzima ilikuwa imesimama pia."

Joyce alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akawa mzito. "Kigumu ni huo uzembe. Kiti kinaweza kukatika tu, Mungu kapenda. Lazima ionekane alijua ni kibovu, au kwamba mtu makini wa kazi yake angejua. Hapo una nini?"

Warda hakuwa na kitu. Kiti chenyewe Fikirini alikibeba na vyombo vyake siku ileile. Alirudi nyumbani anavikanda vidole, na safari ile njia ilikuwa ndefu.

Hata hivyo Joyce aliwaita wote wazungumze barazani pa ofisi ya kata, kabla mtu hajafikiria mahakama. Mastura alikuja na mashoga zake wa kikundi, wanawake walioshiba, wakajaza benchi lote likalia. Fikirini akaja akiwa na furaha, na kwapani ana kile kiti kilichokatika.

"Kwanza," alisema, "huyu binti ameshanisamehe. Shangazi yake alikuwepo."

"Ulimwomba msamaha wa nini, mzee?" Joyce aliuliza.

"Wa... wa yote. Tuyajuayo na tusiyoyajua. Ndiyo desturi yetu kabla ya mfungo, mwanangu, wewe hujui."

"Nifundisheni. Akisamehe, na vidole vinafunguka?"

Benchi likacheka. Warda aliona ni zamu yake. "Baba, nilikusamehe na sijarudi nyuma. Moyoni sina kinyongo na wewe. Ila moyo hausuki nywele."

"Msamaha umefunga kinyongo," Joyce akasema. "Madai yanafungwa kwa makubaliano, na hayo hamjafanya. Endelea, mzee."

Fikirini hakutishika. Alikipindua kiti, miguu juu, akakishika kama mtu anayeuza samaki.

"Wanasema nimezembea. Mimi! Tazameni mshono huu. Uzi wa nyavu, nimeushona kwa mkono wangu, papa hachomoki hapa. Mguu umekatikia pembeni, mshono wangu uko vilevile! Sasa kosa langu liko wapi?"

Kweli mshono ulikuwa mzuri. Ulipanda kwenye ungio la mguu kwa misalaba iliyopangana, na Warda, ambaye mishono ndiyo macho yake, aliutazama kwa heshima. Kisha akaona kitu.

"Baba, umeshona vizuri sana. Kabla hujashona, hapo palikuwaje?"

"Palikuwa na ufa mkubwa, wa kuingia kidole!"

Joyce hakutingishika hata ukope. "Na hivi vilivyoshonwa, unavipanga vyovyote tu?"

"Hapana, nina utaratibu. Vizima naviweka upande wa wanaume. Vilivyoshonwa navipeleka upande wa akina mama, wao ni wepesi."

Benchi likalia, kwa sababu wote waliolikalia walisimama kwa pamoja.

"Wepesi nani?" aliuliza Mastura, ambaye mlango wa saluni huupita kwa upande. "Mimi mwepesi, Fikirini? Nitazame vizuri! Kumbe miaka yote tunakalia magonjwa yako!"

"Shemeji, sikuwa na maana..."

"Na ndoo zilizoshonwa unatupa tuoge nazo?" akadakia shoga mmoja.

Joyce aliwaacha mpaka walipochoka. "Mzee, hakuna aliyesema. Umesema mwenyewe. Aliyeshona alijua pamepasuka."

Fikirini akakaa. Alitafuta njia nyingine. "Lakini kiti ni cha kukalia. Nani alimwambia asimame?"

"Wewe hujawahi kuona arusi?" Mastura akafyatuka. "Mwanamke gani hapa anamwangalia bi harusi akiwa amekaa? Viti unavikuta na nyayo, unavifuta mwenyewe!"

"Hilo nalo alilijua," Joyce alisema. "Lakini Warda naye ni mtu mzima, alijua kiti si ngazi."

Wote wakamgeukia Warda. Angeweza kunyamaza, mashoga wa shangazi wangempigania mpaka magharibi. "Kipande changu nakibeba," alisema. "Sitaki zaidi ya haki. Nataka nifike hospitali kila wiki, nirudi kazini kwangu."

Wakakubaliana, Joyce akaandika, wakatia sahihi; Warda alitia kwa mkono wa kushoto. Matibabu na safari za mazoezi ni za Fikirini. Siku za kazi zilizopotea wagawane, kubwa lake, dogo la Warda. Na viti vilivyoshonwa vife. Hilo la mwisho aliliongeza Mastura, na hakuna aliyethubutu kulipinga.

Fikirini aliona heri ampeleke mwenyewe kuliko kulipia bodaboda. Wiki iliyofuata kirikuu chake, kigari cha kubebea maturubai, kikasimama mbele ya saluni, na njia nzima alilalamikia bei ya mafuta, joto na wanawake. Hospitali akaingia hadi ndani, eti anakimbia jua. Mtoa mazoezi akamwambia Warda aguse gumba kwa kila kidole. Cha kwanza kikagusa. Cha pili kikatetemeka, kikagusa. Kwa cha tatu Warda alifumba macho, jasho linamtoka, na alipofumbua alikuta Fikirini amesimama juu yake, pumzi kaibana.

Kikagusa.

"Eeh!" Fikirini alipiga makofi mpaka wagonjwa wakageuka. "Kesho anasuka huyu!"

"Taratibu, baba," Warda alisema, akicheka na machozi yakimlenga. "Kidole kidogo bado. Wiki ijayo usichelewe."