Walikuwa Wameshafunga

Somo la Kifaransa lilifanyika kantini, saa ya chakula, meza zikiwa bado zina unyevu wa kitambaa cha kufutia. Kiwanda kilikuwa kimepata mnunuzi wa mashati kutoka nje anayeongea Kifaransa, na meneja akaamua mafundi cherehani wote wajifunze. Ambaye angefeli mtihani angehamishiwa kwenye kazi ya kupiga pasi. Shati linahitaji Kifaransa cha nini, hakuna aliyeuliza. Walitoa peni zao wakasoma huku wanatafuna.

Mmoja wao aliitwa Sindano, kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa anamlea binti wa mdogo wake. Huyo mdogo wake alifia humo humo kiwandani, kwenye moto wa mwaka uliotangulia, yeye na wenzake waliorundikana kwenye mlango wa nyuma. Meneja aliwaita watu uwanjani akatangaza kwamba mlango ulikuwa wazi siku ile, na kwamba moto uliposhika, mdogo wake Sindano alichanganyikiwa akaufunga mwenyewe kwa ufunguo. Kwa ufunguo upi, hakusema, maana ufunguo huwa shingoni kwa msimamizi wa zamu. Akajifuta macho kwa leso, akaomba watu wamsamehe marehemu. Tangu hapo mtoto akawa anarudi kutoka shule bila neno, kwa sababu wenzake walimwambia mama yake ameua watu. Sindano alikuwa na hasira iliyomnyima usingizi.

Kantini ilijengwa pale pale palipoungua, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, na mlango mpya wa nyuma ukawekwa mahali pa ule wa zamani, nao ndio mlango pekee wa kantini.

"Leo tunarudi nyuma zaidi," alisema mwalimu, mama mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. "Kuna jambo lililotokea, na kuna lile lililokuwa limeshatokea kabla yake. Hilo la kabla, Wafaransa wana umbo lake. Mvua ilipoanza, nilikuwa nimeshafunga dirisha. Haya, kitenzi kufunga, wote kwa pamoja."

Wakaanza. J'avais fermé, nilikuwa nimeshafunga. Hakikutokea kitu. Wewe, yeye, sisi, ninyi, kimya. Walipofika ils avaient fermé, walikuwa wameshafunga, mlango wa nyuma ukajibamiza, kitasa kikazunguka mara mbili, na moshi kidogo ukapenya kwa chini. Msimamizi wa zamu akapapasa shingoni. Ufunguo ulikuwepo.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Ila ule mwisho wa avaient hautamkwi."

Fundi wa vitasa akaja, akakata, akaweka kipya. Kesho yake kikajifunga tena, kwenye neno lile lile. Mpini wake ulikuwa wa moto, kwa hiyo mpishi akawa anautundikia matambara yake yakauke.

Meneja akaagiza kitenzi kibadilishwe. Wakajaribu kufungua. Ils avaient ouvert, walikuwa wameshafungua: vinywa vikatanuka, sauti haikutoka hata ya mtu mmoja. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba kitenzi hicho kina matatizo, wakaendelea na kingine.

Siku iliyofuata Sindano alisimama peke yake, akasema elle avait fermé, alikuwa ameshafunga, akimuwaza mdogo wake kwa makusudi. Mlango haukutikisika. Akarudia kwa nguvu. Bawaba hazikulia. Akakaa, akalia, akapenga kamasi, akaendelea kula.

"Basi siyo yeye," jirani yake alimwambia.

"Nilijua siyo yeye," alisema Sindano. "Nisogezee chumvi."

Likabandikwa tangazo: kuanzia sasa ufundishwe wakati ujao tu. Mwalimu akatii, na yeye ana watoto.

Siku ya mtihani meneja mwenyewe alikaa mbele, msimamizi wa zamu pembeni yake. Sindano akaitwa. Akaambiwa anyambue kitenzi kufunga, wakati ujao.

"Ils avaient fermé," alisema. Mlango wa nyuma ukajifunga.

"Wakati ujao, mama."

"Ils avaient fermé."

Wenzake wakapokea kutoka nyuma, kwanza wawili watatu, kisha kantini nzima. Moshi ukawafika magotini. Meneja akakohoa, akauliza wanataka nini hasa.

"Sisi tunasema wao," alisema Sindano. "Mimi nataka nikusikie wewe ukisema sisi. Nous avions fermé. Maneno matatu tu, bosi. Yaseme hapa, halafu uende ukayaseme shuleni kwa mtoto."

Meneja alifungua mdomo. Kuyatamka aliweza, alisomea Ufaransa kwenyewe. Akatazama saa, akasema muda wa mtihani umekwisha. Akapanda juu ya meza akatokea dirishani, msimamizi akiwa amemshikia viatu.

Maneno ya uwanjani yakabaki yale yale. Sindano akaandikiwa kwamba amefeli, akapelekwa kwenye pasi. Mlango wa kantini wakaacha kuukarabati, wakaegesha ngazi dirishani, na wapishi wakazoea kupitishia masufuria hapo. Na kila asubuhi mashine zikiwashwa, msimamizi hufunga mlango wa nyuma wa ukumbi wa kushonea, kama alivyofunga siku zote, na kurudisha ufunguo shingoni.

Mchana mmoja simu ikapigwa kutoka shuleni. Mlango wa darasa ulikuwa umejifunga, moshi unatoka chini, na mtoto hataki kunyamaza.

Sindano alienda na aproni yake ya kazini. Walimu walikuwa wamekaa nje kwenye ngazi wakisahihisha madaftari, wakamwonyesha dirisha. Ndani, mtoto alikuwa amesimama juu ya dawati, wenzake wote wamemgeukia, anasema ils avaient fermé, ils avaient fermé, kama alivyoyasikia nyumbani kwa mama yake mkubwa. Alipomwona Sindano akasita.

"Mama mkubwa, ninyamaze?"

"Nani kakwambia unyamaze?" alisema Sindano. "Ongeza sauti, mwanangu. Kiwandani hawajakusikia."