Chini ya Kovu

Fundi cherehani huyu wateja walimpachika jina la Nyoosha, kwa kuwa neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Nyoosha mgongo nikupime. Nyoosha kitambaa. Nyoosha maneno, unataka mikono mirefu au mifupi? Kitu kilichopinda kilimuudhi kama kokoto ndani ya kiatu. Kwa tabia hiyo alipata wateja wengi, na kwa tabia hiyohiyo akaja kulia.

Aliishi na baba yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, na cherehani ilikaa dirishani ipate mwanga. Nje ya dirisha hilo, karibu kiasi kwamba tawi likirefuka linagonga kioo, palikuwa na haibiskasi ya Mzee. Haibiskasi wengi tunaijua: kichaka cha kijani mwaka mzima, ua pana, na ulimi mrefu unaochomoza katikati kana kwamba linamzomea mtu. Ile nyekundu imejaa kwenye ua wa kila nyumba, hata mbuzi wameichoka. Ya Mzee haikuwa hiyo.

Mzee alikuwa mtunza bustani wa hoteli mpaka alipostaafu, na wenzake walipostaafu ili wapumzike, yeye alistaafu ili aanze kazi. Alichukua chavua ya ua la njano, akaipaka kwa brashi ndogo kwenye ua jingine la waridi, akangoja mbegu, akazipanda kwenye makopo. Miche ikafa mmoja baada ya mwingine. Uliobaki ulikuwa na mizizi dhaifu, hauwezi kujilisha, basi Mzee akakata kijiti chake akakibebesha juu ya shina la haibiskasi nyekundu, lile la kawaida, lenye nguvu za punda. Pale vilipoungana pakabaki kovu nene, kimo cha goti. Chini ya kovu ilikuwa ni ile ile ya mbuzi. Juu ya kovu lilikuwa ua ambalo halikuwepo mahali pengine popote.

Ila Mungu ana mambo yake. Mwaka ua lile lilipochanua kwa mara ya kwanza, mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika macho yote mawili ya Mzee. Alikuwa akibagua mchana na usiku, na mtu na mlango, basi. Asubuhi hiyo alilipapasa ua kwa vidole, akaita kwa sauti ya kijana.

"Mama! Njoo uniambie ni rangi gani!"

Alimwita bintiye mama tangu alipozaliwa. Nyoosha alikuwa na rundo la sare za shule na pini tatu mdomoni. Alitupa jicho dirishani.

"La chungwa, Baba."

"Chungwa bivu au chungwa bichi?"

"Bivu."

"Na katikati?"

"Katikati jekundu. Zuri, Baba, zuri sana. Hebu niache nimalize hizi."

Ua la haibiskasi huishi siku moja. Jioni lilijikunja likaanguka, na asubuhi iliyofuata likachanua jingine, na Mzee akaita tena. Safari hii Nyoosha alikuwa akipigania zipu iliyogoma, akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni la waridi.

"Jana ulisema chungwa."

"Basi linabadilika, Baba."

Mtu mwingine angeudhika. Mzee alifurahi nusura acheze. Ua linalobadilika rangi! Alimsimulia muuza maziwa, akamsimulia msoma mita, akawasimulia wateja waliokuja kupimwa nguo wakapimwa na maneno kwanza. Kila aliposimulia alitumia maneno ya bintiye, na Nyoosha akiwa anakanyaga cherehani aliyasikia maneno yake mwenyewe yakipambwa, akacheka moyoni, akaona hakuna aliyeumia.

Misimu ikapita hivyo. Hatimaye kaka yake Nyoosha, dereva wa malori aliyekuwa akiishi mji wa mbali wenye hospitali ya macho, akapata nafasi ya baba yao kufanyiwa upasuaji. Jicho la kwanza, kupona, kisha jicho la pili, kupona. Ingekuwa miezi mingi. Kabla ya kuondoka Mzee alimwita bintiye kwenye kichaka, akamshika kidole cha shahada kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea, akakiweka juu ya kovu.

"Hapa. Kila kitakachoota chini ya hapa, kata. Usikionee huruma. Juu ya hapa usiguse, hata pakionekana pabaya. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Nikirudi nataka nilione. Hayo mengine yote ya dunia nilishayaona."

Alikuwa amesikia, ndiyo. Lakini nje mteja alikuwa anangoja, gari la kaka lilikuwa linanguruma, na maneno yakaingia sikio moja yakatafuta mlango upande wa pili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mzee alipoondoka nyumba ikawa kimya, na katika ukimya huo Nyoosha akaona aibu. Hakuna tena sauti ya kuita dirishani. Alijiona alivyokuwa akimjibu baba yake kwa mkato, kama anavyomjibu mteja anayeomba punguzo, akaapa kwamba atalipa fadhila kwa kukitunza kichaka. Na alikitunza. Aliweka samadi iliyooza vizuri, alitandaza majani makavu shinani yashike unyevu, alimwagilia asubuhi kabla hajafungua cherehani. Wadudu weupe kama pamba walipovamia vikonyo, aliwaosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani. Majirani walimtania kwamba amepata mchumba bubu.

Mvua zilipokuja, kichaka kikalipuka. Machipukizi yalitoka yamenyooka kama rula, majani yanang'aa, yanapanda kwa kasi ya umbea. Katikati yao vile vitawi vya zamani vilionekana vibaya: vyembamba, vimepinda huku na huku, majani ya njano, bila tumba hata moja. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kazi yake aliviona, na kila alipoviona mkono ulimwasha.

Siku moja hakuvumilia. Alikumbuka kuna habari ya kovu. Kata chini, usiguse juu? Au kata juu, usiguse chini? Kaka alikuwa na simu, na simu ilikuwa mezani. Angeuliza. Lakini aliona haya kumwambia baba kwamba hakumsikiliza, tena baba aliye kitandani na bandeji jichoni. Akajijibu mwenyewe: hakuna mkulima duniani anayekata kilicho kizima akaacha kilicho mgonjwa. Akachukua mkasi wake wa vitambaa, ule ambao hakuruhusu mtu aukatie hata karatasi, kwa kuwa kazi hii ilikuwa ya heshima. Akavikata vile vitawi vilivyopinda, vyote. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akarekebisha bega la kushoto lilingane na la kulia. Kichaka kikakaa kama koti lililomkaa bwana harusi. Vipande akavifagia pamoja na mabaki ya vitambaa, na gari la taka likapita likabeba. Jioni hiyo alilala na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Tumba la kwanza lilifunguka wiki ambayo Mzee alikuwa njiani kurudi. Safari hii Nyoosha hakungoja kuitwa. Alitoka mbio na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akalitazama.

Lilikuwa jekundu. Jekundu tupu, tangu ukingoni hadi ndani. Alitazama ua wa jirani, akatazama tena hapa. Ni lile lile, ungesema mapacha. Alipiga goti kwenye matope, akapapasa shina mpaka kidole kikakuta kovu, na juu ya kovu hapakuwa na kitu ila kisiki kikavu chenye alama ya mkasi, mkato safi, wa kitaalamu. Kichaka chote alichokipenda kilikuwa kimeota chini.

Hapo ndipo alipompigia simu kaka yake. Wakati wa kuuliza alinyamaza. Sasa maji yameshamwagika, ndiyo anatafuta ndoo.

"Dada, punguza kilio," kaka alisema. "Hajawahi kuliona hilo ua. Mwambie ndilo, limebadilika rangi tena. Nani atabisha?"

"Alinishika kidole, kaka. Alinishika kidole akanionyesha."

"Sasa unataka apone macho aone msiba? Mwache mzee afurahi."

Wakakubaliana hivyo. Uongo wa kumfurahisha mzazi, alijiambia, ni nusu ya ukweli. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko nyingine: kutoka getini hadi dirishani.

Mzee alishuka garini amevaa miwani mipya, anatazama kila kitu kama mgeni. Kaka alimshusha na mzigo wake, akasingizia kazi, akaondoka haraka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mzee alimshika mabega, akamgeuza kwenye mwanga. "Na hizi mvi ni za nani? Nilimwacha msichana hapa."

Nyoosha alicheka huku machozi yakimlenga. Alimkaribisha ndani, akamwambia kuna chai. Mzee alikataa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichaka, na siku hiyo kilikuwa kimechanua maua kadhaa, yamejipanga vizuri, mekundu.

Alisimama. Alitazama ua moja, kisha jingine. Kisha akafanya jambo ambalo Nyoosha hakulitarajia: alivua miwani, akafumba macho, akachuchumaa, akaanza kupapasa shina kama alivyozoea wakati wa giza lake. Kidole kilipanda, kikafika kwenye kovu, kikapita, kikagusa kisiki. Kikakaa hapo muda mrefu.

"Ni mimi, Baba," Nyoosha alisema. Mpango wote aliopanga na kaka yake ulimtoka kama uzi uliokatika kwenye sindano. "Vilikuwa vimepinda. Nikaona vinaharibu. Sikukumbuka ulivyosema, na sikuuliza. Nisamehe, Baba."

"Vipande viko wapi? Vitawi?"

"Vilikwenda na taka. Zamani."

Mzee aliinuka taratibu, akavaa miwani. Hakugomba. Nyoosha alitamani agombe.

"Nimeua miche mingi kuliko hiyo, mama," alisema. "Mkasi humponyoka kila mtu. Twende ndani."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani. Akanywa chai kidogo, akakiweka kikombe chini. Macho yake yakazunguka chumba yakatua kwenye kopo la nyuzi.

"Wewe unajua rangi," alisema, na sauti yake ilikuwa imechangamka tena, ikimuuma Nyoosha kuliko ukali. "Mteja akikuletea kipande cha kitambaa hiki kidogo, unampata uzi wake bila kukosea. Nitolee uzi wa rangi ya lile ua. Lile la siku ya kwanza, halafu la siku ya pili. Nikiziona rangi zenyewe, nitakuwa nimeliona."

Nyoosha alivuta kopo mapajani. Akatoa uzi wa chungwa, Mzee akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mbele na nyuma.

"Huu hasa?"

"Labda uliopauka kidogo." Akatoa mwingine. Kisha wa waridi. Kisha akashika mmoja ambao si wa waridi wala wa chungwa, na mkono ukabaki hewani. Alijaribu kulikumbuka ua. Aliikumbuka zipu iliyogoma. Alizikumbuka sare, rangi yake, idadi ya vifungo. Alikumbuka sauti ya baba yake ikiita. Ua hakuliona mahali popote.

"Baba," alisema, "sijui."

"Umesahau?"

"Sikusahau. Sikuliangalia. Nilikuwa nakujibu tu, ili uniache nishone."

Mzee alishusha uzi uliokuwa mkononi.

"Siku zote hizo?"

"Siku zote, Baba."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Hakuna neno," Mzee alisema. "Mimi nilidhani mmoja wetu anaona."

Akaanza kurudisha nyuzi kwenye kopo, na Nyoosha akakaa mikono mapajani, hana la kunyoosha.