Barafu ya Mwalimu Keneilwe

Tangu Mwalimu Keneilwe ahamie shule ile, Gaone hakuwa na raha. Gaone ndiye aliyekuwa mpishi wa shule, na bintiye, Sethunya, alikuwa darasa la watoto wadogo. Zamani kengele ikilia mtoto alikimbilia jikoni moja kwa moja, anamkumbatia mama yake miguu hata sufuria haijaepuliwa. Sasa ni Mwalimu Keneilwe asubuhi, Mwalimu Keneilwe jioni. Amesuka hivi, amecheka vile. Mtu mwenyewe kaja juzi tu.

"Mama, mvua inatoka wapi?" Sethunya aliuliza jioni moja wakila bogobe.

"Kwa Mungu. Kula uji wako."

"Mwalimu anasema maji yakipata moto mvuke unapanda, ukikutana na baridi unageuka matone. Ijumaa tutatengeneza mvua kwenye chupa, wazazi waone."

"Mwambie atutengenezee na ya bwawani basi. Ng'ombe wa babu yako wanakufa kiu."

Sethunya hakucheka. "Wewe hujui, Mama. Mwalimu ndiye anajua."

Gaone alisukuma bakuli lake kando. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mzazi alikuwa akipokonywa mwana mchana kweupe, tena kwa tabasamu.

Alhamisi Mwalimu alileta jikoni vibati vya maji. "Mma Sethunya, naomba unigandishie barafu. Bila barafu sina mvua."

"Ondoa wasiwasi, mwanangu," Gaone alijibu kwa sauti tamu.

Ijumaa jua la Oktoba lilikuwa kali tangu mapema. Gaone alivitoa vibati kwenye friji, akavificha nyuma ya maboga karibu na jiko, na barafu ilipoyeyuka yote akavirudisha. Hakusikia haya hata kidogo, alisikia raha. Mwalimu alipokuja akakuta maji, aliambiwa umeme ulikatika. Nani asingeamini? Umeme wa pale kila mtu anaujua.

Kisha Gaone akavua aproni, akaenda kusimama mlangoni mwa darasa aione aibu ya mwenzake kwa macho yake.

Wazazi walishajaa. Mwalimu aliweka chupa pana ya maji ya moto mezani, na pembeni sahani yenye maji yale ya vuguvugu. "Atakayetuonyesha leo aliomba kazi hii mwenyewe," alisema. "Alitaka kumshangaza mama yake."

Akajitokeza Sethunya, akapanda juu ya kiti.

Gaone akaitazama ile sahani ya maji. Mtoto alieleza yote bila kukosea, akaifunika chupa kwa sahani, akangoja. Chupa ilifanya ukungu, basi. Hakuna kilichodondoka.

"Hii ni mvua ya redioni," mzee mmoja alisema kutoka nyuma. "Inatangazwa, hainyeshi."

Watu wakaangua kicheko. Sethunya akageuka kumtafuta Mwalimu, na hapo akamwona mama yake mlangoni. Uso ukamchangamka.

"Ngojeni, hatujaiita," alisema. "Mama yangu yupo. Harusi zote anaita yeye. Nilimwambia Mwalimu, hili hata yeye haliwezi, analiweza mama yangu tu."

Kule hakuna jambo zuri linalopita bila watu kupaza sauti, "Pula!", yaani mvua. Wote wakageuka. Mwalimu Keneilwe naye akageuka, akamtazama kwa matumaini.

"Pula," Gaone aliita kwa sauti ndogo.

"Pula!" wazazi wakaitikia.

Sethunya aliinama, akachungulia chini ya sahani kwa muda mrefu.

"Ita tena, Mama," alisema bila kuondoa macho. "Leo hujaita kwa moyo."