Kola ya Ukurasa wa Mwisho

Walimwita Kiherehere, na kama ungemwona hata dakika moja usingeuliza kwa nini. Alikuwa fundi cherehani, na hata akiketi kwenye kiti cha kawaida mguu wake ulikanyaga cherehani isiyokuwepo. Chakula alikula wima. Mazungumzo aliyamalizia mlangoni. Mume wake alisema ameoa feni.

Mahali pamoja tu palimtuliza: maktaba ya mtaa. Pale kwenye kiti cha dirishani, mwisho wa meza ndefu, hakuna mteja anayeuliza gauni limefika wapi, wala mtu anayekuuliza unanunua nini au unaondoka saa ngapi. Unaingia bure, unavuta kitabu, unasoma, na ukikipenda unapigiwa muhuri wa tarehe unakwenda nacho nyumbani. Jamani, wapi tena watu wanakukabidhi mali yao na kukuamini kiasi hicho? Akiwa pale Kiherehere alitulia mpaka mguu ukasahau kukanyaga.

Sasa siku hiyo ilikuwa ya kurudisha kitabu, na alikuwa hajakimaliza. Makusudi. Ilikuwa riwaya nene ya mwanamke dereva wa lori aliyekosana na mdogo wake wa kike, wakanuniana miaka na miaka, na ukurasa kabla ya ule wa mwisho unakuacha mdogo mtu amesimama nje na begi lake, mvua inamnyeshea, anagonga mlango. Atafunguliwa au hatafunguliwa? Kiherehere alijikaza kisabuni asifunue. Ukurasa wa mwisho alitaka kuusoma kwenye kiti chake cha dirishani, kwa raha zake, kisha akikabidhi. Kulikuwa na msomaji mwingine anakisubiri, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Lakini kwanza amalize kola za sare za watoto wa chekechea. Na sheria ya kibanda chao ilikuwa hii: karatasi yoyote iliyo juu ya meza ya kukatia ni ya kutengenezea kiolezo, ule mfano unaobanwa juu ya kitambaa kabla ya kukata. Iwe gazeti la zamani, iwe kalenda ya mwaka juzi, hakuna anayeisoma. Basi Kiherehere akakuta karatasi mezani, akaikunja katikati, akapitisha mkasi, kola ndogo ikapatikana. Akakata nayo kola kadhaa, sakafu ikafagiliwa, na alikuwa anaibana tena kwa pini ndipo macho yake yakaangukia neno "lori".

"Mama yangu!"

Akaurukia mkoba wake. Kitabu kimo, jani la mwisho halimo. Gundi ya mgongo ilikuwa imechoka siku nyingi. Akarudi mezani, akatambaa chini ya meza, akapata pembe za karatasi. Kipande cha katikati, kile cha tundu la shingo, hakikuwepo. Na ukurasa ule ulikuwa umejaa nusu tu, kwa hiyo mistari ya mwisho kabisa ilikuwa hapo hapo, shingoni. Kipande hicho kilikuwa kimeshafagiliwa pamoja na mabaki ya vitambaa, na gari la taka lilikuwa limeshapita. Alikimbia mpaka njia panda kulifuata, akarudi mikono mitupu, anahema.

"Wifi! Umekichezea kitabu changu?"

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa kwenye kona anatia vifungo. Alihamia kwao mwaka jana ndoa ilipomshinda, ingawa kabla ya hapo wao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kazi aliijua, mdomo pia alikuwa nao. Maktaba aliiita baraza la wasio na kazi. "Wifi yangu," alikuwa akiwaambia wateja, "analilia watu ambao hata hawajazaliwa."

"Nikichezee cha nini?" alijibu bila kuinua kichwa. "Aliyeshika mkasi nani?"

"Mimi! Lakini jani halina miguu. Limetokaje mkobani?"

Wifi akalamba uzi, akaulenga kwenye tundu la sindano, uzi ukapita pembeni. Akaulenga tena, ukapita pembeni tena.

"Nilikuwa naangalia picha tu."

"Hakina picha!"

"Haya, nilikuwa nasoma! Usinipigie kelele. Kila ukitoka kidogo, mimi nakitoa. Na wewe wifi yangu hukai, unatoka kutwa nzima, mtu afanye nini? Leo nilitaka kujua mwisho kabla hujakirudisha, jani likanibakia mkononi. Nikasikia viatu vyako, nikalitupa mezani."

Kiherehere hakujua acheke au amnase kibao. Miezi yote hiyo ya kusimangwa! Hasira ilimpanda, ikamshuka, ikampanda tena. Kisha hofu ikaja ikakalia vyote. Atamwambia nini mkutubi? Wakimnyang'anya kadi, wakimwambia asionekane tena pale dirishani, atakwenda wapi kutulia?

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda wote."

"Mimi? Maktaba?"

"Wewe ndiye unayeujua mwisho. Twende!"

Mkutubi alikuwa mwanamume wa makamo ambaye vidole vyake havikuwahi kukosa gundi. Alipokea kitabu, kola na zile pembe, akavipanga mezani taratibu, akaona lile tundu. Kiherehere alikuwa anatembea kutoka rafuni hadi mlangoni, mlangoni hadi rafuni.

"Kaa, dada. Unanipa kizunguzungu."

"Siwezi kukaa, kaka. Sema tu, nimefukuzwa?"

"Hakuna anayefukuzwa hapa. Kuingia na kusoma ni haki ya kila mtu, hata anayekata vitabu." Akavuta pumzi. "Lakini kuazima, kadi yako inasimama miezi mitatu. Kanuni haijui rafiki."

Miezi mitatu bila kitabu nyumbani! Ilimuuma, hawezi kusema haikumuuma. Machozi yalimlenga mbele za watu. Lakini kiti amebakiziwa, na hilo lilimtosha kupumua.

"Tatizo ni huyu anayesubiri," mkutubi aliendelea. "Nitampaje riwaya isiyo na mwisho?"

Wifi akakohoa. "Mimi nimeusoma."

"Unaukumbuka neno kwa neno?"

"Neno kwa neno nitakudanganya. Lakini kilichotokea nakijua."

Mkutubi akampa kipande cha karatasi na kalamu. Wifi aliinama akaandika, amekizungushia kiwiko kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Mkutubi akakibandika penye tundu, na pembeni akaandika kwamba mistari hiyo ni ya msomaji. Kisha akamkabidhi Kiherehere kitabu. "Kakimalize. Dirishani pako wazi."

Akakaa. Akasoma kola, akafika shingoni, kwenye mwandiko wa wifi yake:

*Akafungua mlango. Hakumuuliza kitu. Alisema tu: ingia, chai inapoa.*

Mguu ulitulia. Alibaki pale anaangalia nje mpaka alipoitwa.

Walipotoka, wifi alikuwa na kadi mpya mkononi, muhuri haujakauka, na riwaya nyingine kwapani.

"Nitakuazima," alisema, "ukinibembeleza. Na mkasi uuweke mbali."

"Nacheka tu, wifi. Ila mwisho ule! Nilijua atamfungulia. Nilijua tu."

Walipita duka la vioo, wakapita kinyozi.

"Hakumfungulia," wifi akasema.

"Nani?"

"Yule dereva. Kwenye kitabu hakufungua. Alizima taa akalala, mdogo wake akaondoka na mvua yake. Ndivyo kilivyoisha."

"Sasa mbona umeandika...? Wifi! Turudi tukaseme!"

"Rudi wewe." Wifi alikuwa anaangalia mbele, sauti imepungua. "Mimi siku ile nilipogonga kwenu na begi langu, tena baada ya yote niliyokusema, hukuniuliza kitu. Uliniambia niingie, chai inapoa. Nikaandika ninachokijua."

Na Kiherehere, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amesimama tuli, akasimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akampigia kengele.